Uzi: Wiki za kwanza nyumbani baada ya kubadilishiwa vali ya moyo

Mwalimu_wa_Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, salamu. Leo natimiza wiki ya 10 tangu nilipopasuliwa kifua na kuwekewa vali ya bandia mahali pa vali ya mitrali, ile inayofungua na kufunga njia kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Yangu iliharibiwa na homa ya baridi yabisi niliyoipata utotoni kutokana na mafindofindo ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Niliyowekewa ni ile ambayo watu huiita vali ya chuma, ingawa visahani vyake viwili vimetengenezwa kwa kaboni ngumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, na ninaishi Umoja, Nairobi, pamoja na mume wangu na watoto wawili, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti.

Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya watu wa nyumbani hata kuliko wagonjwa wenyewe. Mgonjwa hufundishwa wodini, japo kwa haraka na akiwa bado na usingizi wa dawa, lakini mama, shemeji, jirani na msaidizi wa nyumbani hawafundishwi na mtu, na hao ndio wanaopika, wanaobeba maji na wanaokimbia kemisti usiku. Mambo yote mawili yaliyonirudisha nyuma katika wiki hizi yalitendwa na watu wanaonipenda sana, nami naamini yangeepukika kama tungeketi pamoja kwa nusu saa kabla sijafika nyumbani.

Nianze na kifua. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo hubaki mwilini. Mfupa huo huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana vya kutosha na takriban miezi 3 kukomaa, kwa hiyo ngozi inaweza kuonekana imefunga vizuri katika wiki ya tatu ilhali mfupa ulio chini yake bado ni mbichi. Niliambiwa nisiinue kitu kinachozidi kilo 4 hivi, na sisi tukaifanya kanuni hiyo ieleweke kwa kila mtu nyumbani kwa kusema kwamba mwisho wangu ni pakiti mbili za unga wa ugali. Jerikani ya lita 20 ni kilo 20, na mtaani kwetu maji huja siku chache kwa wiki, hivyo mume wangu alikuwa akijaza madumu madogo ya lita 2 kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kuyapanga juu ya meza, mahali ambapo nisingelazimika kuinama. Mtoto wangu mdogo ana kilo 14. Tulimfundisha kupanda kochi mwenyewe na kuniegemea ubavuni, na hilo lilikuwa gumu kwake na kwangu kuliko maumivu yoyote ya kidonda.

Kuinuka pia kuna namna yake. Mtu aliyezoea kujisukuma kwa mikono kutoka kitini atalazimika kuacha, kwa sababu msukumo huo wa mikono huvuta nusu mbili za kidari. Nilikuwa nikijisogeza hadi ukingoni mwa kiti, naikunja mikono kifuani, nainamia mbele na kuinuka kwa nguvu za mapaja. Kitandani nilikuwa nikigeuka ubavu kwanza, nateremsha miguu, na mume wangu ananishika mgongoni. Asinivute mkono. Wageni wengi hukimbilia kuvuta mkono kwa nia njema, na ni lazima mtu awaambie mapema.

Mto ni dawa. Nilipewa shauri la kukumbatia mto kila ninapokohoa, na nilipofika nyumbani mama alichukua mto mdogo wa kochi akauzungushia leso yake na kuufunga kama mzigo, ili usiteleze. Nilitoka hospitalini katikati ya Juni, na mnajua baridi ya Nairobi ya Juni na Julai inavyowaletea watoto mafua. Mara ya kwanza nilipopiga chafya nilikuwa nimeuacha mto sebuleni. Nilihisi kana kwamba kifua kimefunguka upya, nikaketi sakafuni ukumbini nikiwa nimejishika kwa mikono yote miwili mpaka binti yangu akauleta. Tangu siku hiyo mto ulienda nami hadi chooni, na ndani ya gari ulikaa kati ya kifua na mkanda wa kiti.

Wanawake wenzangu, kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yangu, nalo nililipata kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Uzito wa matiti huvuta kidonda pande zote mbili, kwa hiyo vaeni sidiria laini isiyo na waya, inayofungwa mbele, mchana na usiku, kwa wiki za mwanzo. Mimi nilikaa siku nne bila kuvaa nikidhani ninakipa kidonda hewa, na sehemu ya chini ya mshono ikawa nyekundu na kuuma. Nilipoanza kuvaa, maumivu yalipungua siku ileile.

Kuhusu ngazi, sikukatazwa kuzipanda. Niliambiwa nipande polepole, nisivute reli kwa mkono, nisimame pale pumzi inaponitaka nisimame. Mume wangu alinunua vigoda vitatu vya plastiki na kuweka kimoja kila mahali ngazi zinapopinda. Siku ya kwanza nilitumia dakika 25 kufika mlangoni. Vigoda vile vilikaa pale wiki sita, katika jengo lenye zaidi ya nyumba 20, na hakuna mtu aliyevigusa isipokuwa yule aliyekuwa akivifuta vumbi, ambaye mpaka leo sijamjua. Kutembea nilianza kwa dakika 5 kwenye roshani, mara nne kwa siku, nikiongeza kidogo kila baada ya siku chache, na sasa natembea nusu saa bila kusimama. Kipimo nilichofundishwa ni kwamba ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unatembea, basi hujapita kiasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo ni warfarini. Mwenye vali ya aina yangu huitumia dawa hiyo maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali, na nguvu yake hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na takriban 1. Mimi niliandikiwa nikae kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo bonge la damu linaweza kuziba vali au kukimbilia ubongoni na kuleta kiharusi, na juu sana unaweza kuvuja damu ndani ya mwili bila kujigonga popote.

Mama yangu alikuja kutoka Machakos kunitunza. Alikuwa amesikia kwamba mboga za majani hupingana na dawa hii, na ni kweli kwamba zina vitamini K inayoipunguza nguvu, hivyo akaondoa sukuma wiki, mchicha na kunde kabisa kwenye sahani yangu. INR ilipanda hadi 4.1, dozi ya dawa ikapunguzwa. Wiki iliyofuata shangazi akaleta mfuko mzima wa managu, nikala siku tatu mfululizo kwa hamu ya mtu aliyenyimwa, na INR ikashuka hadi 1.8. Daktari hakunikataza mboga. Alisema nile kiasi kilekile kila siku ili dawa ipangwe kulingana na chakula changu. Tulitafuta bakuli dogo la plastiki la kijani, na hilo ndilo kipimo changu cha mboga, mchana, kila siku, iwe sukuma au managu. Tangu tulipoanza bakuli hilo sijatoka nje ya mipaka isipokuwa mara moja, na mara hiyo kosa halikuwa la mboga.

Ilikuwa wiki ya sita. Tumbo lilinisokota usiku, nikaharisha, na kaka yangu akakimbia kemisti ya mtaani akarudi na metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, pamoja na diklofenaki ya maumivu. Hakuulizwa dawa ni ya nani wala anatumia dawa gani nyingine, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Nilizimeza siku tatu. Siku ya nne niliamka na damu kwenye mto iliyotoka kwenye fizi, na pajani nilikuwa na alama ya zambarau upana wa kiganja mahali ambapo sikumbuki kujigonga. INR ilikuwa 6.8. Nililazwa, warfarini ikasimamishwa, nikapimwa kila siku mpaka ikarudi mahali pake. Metronidazoli huiongezea warfarini nguvu, na diklofenaki peke yake huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Kwa maumivu, dawa yangu ni parasetamoli, kwa kipimo nilichoandikiwa.

Kaka yangu alilia pale wodini na nikamwambia asijilaumu, maana hakuna aliyemfundisha. Tulipotoka, tuliandika kwenye kadi ya manila kwa kalamu nene: NATUMIA WARFARINI, NINA VALI YA BANDIA, USINIPE DAWA YOYOTE KABLA YA KUPIGA SIMU. Chini yake pana nambari ya kliniki. Nakala moja imebandikwa jikoni, nyingine iko kwenye pochi yangu, na ya tatu kaka yangu anatembea nayo.

Nina maelezo zaidi juu ya usingizi na machozi, lakini nitayaweka chini kidogo. Ulizeni.

Baba_Kahawa_West

Pole sana Mwalimu, na asante kwa kuandika kwa utulivu. Mimi nina miaka 67 na mwaka jana nilibadilishiwa vali ya aota, ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kwa vali ya tishu ya ng'ombe. Naona ni vyema wasomaji wajue kwamba safari zetu hazilingani. Daktari wangu aliniweka kwenye warfarini miezi 3 tu, kisha nikabaki na asprini ndogo kila siku, kwa sababu vali za tishu hazigandishi damu kama zile za kaboni. Gharama yake ni kwamba huchakaa, hasa kwa vijana, na huenda ikahitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi na kitu. Mwenye umri wangu huona hilo linavumilika. Kwa hiyo mtu asione jirani yake ameacha warfarini naye akaacha.

La kifua nakuunga mkono kabisa. Mimi niliteseka zaidi mabegani na mgongoni kuliko kwenye kidonda, kwa sababu nilikuwa nimejikunja nikikilinda kifua, mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponionyesha namna ya kuzungusha mabega taratibu.

Kitindamimba_Githurai

Mwalimu, nimesoma uzi huu nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama. Ana miaka 52, amebadilishiwa vali mbili, na leo ni siku ya 14 tangu upasuaji, siku ya 5 nyumbani. Mimi ndiye mtoto pekee niliye Nairobi. Hataki kutembea, anasema amechoka. Hali chochote isipokuwa uji na anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Usiku analala akiwa ameketi kochini kwa sababu anasema akilala chali pumzi inamkataa. Miguu imemvimba kidogo lakini dada yangu aliye kijijini anasema ni kawaida kwa sababu hatembei. Je, nimlazimishe kutembea? Na ni chakula gani kitamrudishia hamu?

Mwalimu_wa_Umoja

Ndugu yangu, hamu ya kula na ladha ya chuma mimi pia vilinisumbua karibu wiki tatu, na vilipita. Nilikuwa nikila kidogo kidogo mara sita kwa siku, yai, maziwa lala, ndizi, samaki aliyechemshwa kwa ndimu bila chumvi nyingi. Lakini hilo la kulala akiwa ameketi sikuwa nalo, na limenishtua. Je, mnampima uzito kila asubuhi?

Sista_Mstaafu

Kitindamimba, achana kwanza na habari ya chakula na kutembea. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa katika wodi za moyo. Mgonjwa wa siku ya 14 ambaye hawezi kulala chali kwa sababu ya pumzi, ana miguu iliyovimba na amechoka kuliko siku alizotoka hospitalini, anaonwa na daktari leo, wala si siku ya kliniki. Huenda ni maji mwilini yanayohitaji dawa ya kukojoa iongezwe, na huenda ni maji yaliyojikusanya kuuzunguka moyo, ambayo huweza kuubana. Tofauti yake haionekani kwa macho, huonekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kama una mizani, mpime sasa hivi na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake ya kutoka. Kuongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku moja, au kilo 2 ndani ya wiki, hutosha kukufanya upige simu. Lakini hata usipokuwa na mizani, hayo uliyoandika yanatosha. Mpeleke akiwa ameketi, kwa gari, na ubebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja.

Kitindamimba_Githurai

Nimeazima mizani kwa jirani. Karatasi inasema kilo 61.5, sasa ni 65. Tunaondoka.

Sista_Mstaafu

Nendeni salama. Mkifika, sema maneno haya mlangoni, kabla ya jambo lolote: amebadilishiwa vali wiki mbili zilizopita na hawezi kulala chali.

Wakati tukimsubiri, niongeze machache kwa wengine, kwa sababu Mwalimu amesema vizuri lakini kuna mapengo.

La kwanza ni homa. Nairobi mtu akipata joto huambiwa ni malaria au taifodi na hupewa antibiotiki palepale. Kwa mwenye vali ya bandia, joto la 38 na zaidi linaweza kuwa maambukizi yameshika vali yenyewe, na namna ya kuyajua ni damu kutolewa na kuoteshwa maabara kabla ya antibiotiki kuanza. Ukimeza antibiotiki za kemisti kwanza, vijidudu hujificha, majibu hutoka safi, na wakati unapotea. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kung'oa au kusafisha meno, mwambie daktari wa meno una vali ya bandia, ili upewe dozi moja ya kinga takriban saa moja kabla ya kazi kuanza. Na mswaki usiachwe, mara mbili kwa siku, kwa brashi laini.

La pili ni kidari. Ukisikia mfupa unabofyeka au unasuguana unapogeuka, au ukaona usaha au majimaji yakitoka kwenye mshono, usipake asali, majivu, wala mafuta ya kuombewa. Naiheshimu imani ya kila mtu, lakini kidonda hicho kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kikaushwe kwa kugusagusa na taulo safi, basi.

La tatu, dozi ya warfarini ikisahaulika jioni na ukaikumbuka usiku uleule, imeze. Ukiikumbuka kesho yake, iache, andika kwenye daftari, na uendelee na dozi ya siku hiyo. Usizijumlishe mbili.

Mwisho, wale ambao vali zao ziliharibiwa na baridi yabisi, kubadilishiwa vali hakuondoi haja ya penisilini. Sindano ya kila wiki 3 au 4 huendelea, kwa sababu vali zilizobaki bado zinaweza kushambuliwa. Mwambie anayekuchoma kwamba unatumia warfarini, mwonyeshe INR ya karibuni, na pakandamizwe kwa muda mrefu baada ya sindano.

Mkaazi_wa_Eastleigh

Assalamu alaykum. Ami yangu aliandikiwa warfarini, kisha mtu akamwambia ni sumu ya panya, na sasa ameiweka kabatini na hataki kuigusa. Nimjibu nini? Ana vali ya kaboni.

Sista_Mstaafu

Wa alaykum salaam. Mwambie ukweli wote, kwa sababu nusu ya ukweli ndiyo iliyomtisha. Miaka ya 1920 huko Amerika Kaskazini ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza, na wanasayansi wa Wisconsin wakakipata kitu kilichokuwa kikizuia damu kuganda. Kutokana na utafiti huo ikapatikana warfarini, ambayo ni kweli iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kuwa dawa ya binadamu. Panya hula bila kipimo mpaka afe. Ami hupimwa damu, naye humeza miligramu chache alizohesabiwa. Muulize ni siku ngapi hajameza, na umpeleke akapimwe INR kesho asubuhi. Akipata udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, au ulimi mzito, usisubiri kesho. Na asirudie dozi kubwa mwenyewe ili kufidia.

Binti_South_B

Samahani kwa kuuliza jambo la ndani. Dada yangu ana miaka 26, ameolewa mwaka jana, na amewekewa vali ya kaboni mwezi uliopita. Mama mkwe ameshaanza kuulizia mjukuu.

Sista_Mstaafu

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza. Warfarini inaweza kudhuru mimba, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na kuiacha bila mpango kunamweka mama katika hatari ya vali kuganda. Kwa hiyo asishike mimba kwa bahati, na asiache dawa kwa siri ili aipate. Aanze njia ya kupanga uzazi sasa, na siku atakapotaka mtoto, yeye na mumewe waketi na daktari wa moyo na daktari wa uzazi kabla ya mimba. Wapo wanaojifungua salama kwa uangalizi wa karibu. Mumewe ndiye amjibu mama yake.

Mwalimu_wa_Umoja

Asante, Sista. Niliahidi kueleza juu ya usingizi na machozi, nami naona ni muhimu kwa sababu watu wa nyumbani huyatafsiri vibaya.

Vali yangu husikika. Mchana, kelele za mtaa huifunika, lakini usiku taa zikizimwa husikika kama saa ndogo iliyowekwa ndani ya kikombe, na nikifungua mdomo huongezeka. Wiki mbili za kwanza sikulala, nilikuwa nikiihesabu, na kila ilipopiga haraka nilidhani ninakufa. Nililazimika kulala chali juu ya mito mitatu, jambo ambalo sijawahi kulizoea. Kilichonisaidia ni redio yenye sauti ya chini, na kueleza hofu yenyewe kwa daktari, ambaye aliniambia kwamba sauti ile nikiijua vizuri ni mlinzi wangu: siku itakapofifia ghafla au kupotea, hasa kama pumzi imebana, niende hospitalini bila kungoja.

Halafu wiki ya tatu nilianza kulia. Nililia kwa sababu chai ilikuwa na sukari kidogo. Nililia nilipoona madaftari ya wanafunzi wangu. Nilisoma mistari mitano ya gazeti nikasahau wa kwanza. Shemeji mmoja alisema sina shukrani baada ya familia na chama kuchanga fedha zote zile, na maneno yale yalinichoma mno, kwa sababu nilikuwa najiambia vivyo hivyo. Daktari alieleza kwamba huzuni na usahaulifu huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, kwamba mara nyingi hupungua ndani ya wiki au miezi michache, na kwamba yasipopungua kuna tiba. Mume wangu alipolisikia hilo kwa masikio yake alibadilika. Alianza kupanga wageni, wawili wawili, dakika 20, na mwenye mafua abaki na salamu zake kwa simu. Natarajia kurudi darasani muhula wa tatu, wiki ya 12, ingawa nimemwomba mwalimu mkuu anipe mtu wa kuandika ubaoni kwa muda, maana mkono wa kulia ukiinuliwa juu kwa dakika kadhaa kifua bado hunikumbusha.

Kitindamimba_Githurai

Habari za asubuhi. Samahani kwa kukaa kimya tangu jana. Tulifika saa tatu usiku, nikasema maneno yale mlangoni kama Sista alivyoniagiza, na hatukupangwa foleni. Eko ilionyesha maji kiasi kuuzunguka moyo, lakini daktari alisema hayajaubana, na kwamba maji mengi yalikuwa mwilini na mapafuni. Amewekwa dawa ya kukojoa kwa mshipa, na usiku kucha amekuwa akienda haja ndogo. Alfajiri hii alilala akiwa ameegemea mito miwili, kwa saa tatu, usingizi wa kweli. Atabaki hapa wamrudie eko. INR yake ni 2.2 na wameongeza warfarini.

Mwalimu, nataka nyumba iwe tayari kabla hajarudi. Tunakaa ghorofa ya pili. Vigoda vyako vilikuwa vya kimo gani? Na daftari lako limepangwaje?

Mwalimu_wa_Umoja

Ashukuriwe Mungu. Nimekuwa nikifungua simu kila saa.

Vigoda visiwe vile vifupi vya kufulia, kwa sababu hataweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Chukua vile virefu vya plastiki ambavyo magoti yake yatakuwa usawa na nyonga au chini kidogo, na ukivijaribu, kaa wewe kwanza kisha uinuke ukiwa umekunja mikono. Kwa ghorofa ya pili viwili vitatosha. Ndoo ya kuogea nayo uiweke juu ya kimoja cha tatu, bafuni, ili asiiname.

Daftari langu ni la shule la kawaida, nimelipiga mistari mitano ya wima: tarehe, uzito, dozi ya warfarini, INR kama siku hiyo amepimwa, na safu ya mwisho ya jambo lolote jipya, hata kama ni jino kuuma. Uzito apimwe asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya chai, kwa nguo zilezile na mizani ileile. Usimrudishie jirani mizani yake kabla hujanunua yenu. Siku atakayotoka, uliza uzito wake wa kutokea, uuandike kwenye mstari wa kwanza.

Kitindamimba_Githurai

Nimenunua daftari kwenye duka lililo mbele ya lango la hospitali. Uzito wa leo asubuhi ni kilo 62.8.